Daftari langu la mbio
Leo alfajiri nimemaliza kilomita 10 bila kusimama! Shuleni nilikuwa wa mwisho kila mbio, mwalimu akaniambia wazi kwamba miguu yangu si ya riadha. Iliniuma sana.

Kilichoniamsha ni habari za Eliud Kipchoge. Mwaka 2012 alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Akahamia marathoni, na 2019 kule Vienna akaimaliza kwa saa 1:59:40. Mtu huyo, pamoja na yote, huandika mazoezi yake daftarini.

Nami nikanunua langu. Miezi 14 sasa, siku nne kwa wiki, mvua au jua. Mwanzoni nilikuwa nahema hata kabla ya kufika dukani kwa Mangi. Keshokutwa, saa kumi na moja alfajiri, niko barabarani tena.