Wafu Walifufuka Saa ya Chakula

Nilipopewa kazi ya kuandaa mashindano ya Blood Bowl kwenye klabu yetu hapa Sheffield, Uingereza, kichwa kilivimba. Mchezo wenyewe ni mpira wa mezani, wa kubeba mkononi kama raga: vinyago vya urefu wa kidole gumba, uwanja wa miraba 26 kwa 15, zamu 8 kwa kila upande kila kipindi, dadu, na ruhusa ya kumvunja mwenzako mbavu. Vinyago huumia, na vingine hufa.

Kwenye kufa ndipo nilipojitia ujuaji. Tulikuwa watu 12, mechi 3, siku moja. Mashindano ya namna hiyo kwa kawaida hufufua wote: kila mechi unaanza na kikosi kizima ulichojiandikisha nacho. Mimi nikaona huo utoto. Nikaamuru aliyekufa kafa, kama kwenye ligi. Nikaweka pointi 5 za ushindi, 2 za sare, nusu kwa kila bao, robo kwa kila aliyetolewa kwa machela. Kanuni zikafika kurasa 4.

Shemeji yangu, mtu wa Mombasa, alikuja kunisaidia kuandika matokeo. Akaigeuza karatasi mbele na nyuma. "Shemeji, hii ni ya mpira au ya kodi?"

Meza ya pembeni alikaa mzee mmoja mstaafu na timu ya vijitu vya kimo cha goti. Timu dhaifu hasa. Anayeichukua anaipenda tu, kikombe hakimhusu. Alikuwa amevipaka rangi mwenyewe. Kimoja kilibeba sufuria, na ukiinama uliona ndani yake vipande vya karoti, kila kimoja nukta ya brashi. Akapangiwa mazimwi. Mechi ilipokwisha, vijitu 5 vilikuwa marehemu. Akavilaza ukingoni mwa meza, kile cha sufuria mwisho, kisha akaja kuniuliza, kwa ule upole wa Kiingereza unaouma kuliko tusi: mechi ya pili acheze na wangapi?

Nikafungua kanuni zangu. Ukurasa wa 3. Nikarudi wa 2. Hazikusema. Na yule wa mazimwi, kikosi kizima, robo zake mfukoni, alikuwa ameshaanza kunywa chai. Bahati ya kupangiwa mnyonge asubuhi ingembeba mpaka jioni.

Saa ya chakula nikapanda kitini nikatangaza: wafu wote wamefufuka. Ushindi 3, sare 1, kufungwa 0. Wenye pointi sawa wanakutana. Wakilingana mwishoni, tofauti ya mabao. Watu wakapiga meza. Shemeji akayaandika kwa maandishi makubwa nyuma ya ukurasa wangu mmoja, akabandika juu ya birika. Hakuna aliyeniuliza swali tena.

Mzee alifungwa ya pili. Ya tatu pia, 2-1, lakini lile moja! Timu yake ina mti unaotembea, na mti una haki ya kumrusha mwenzake. Ukamrusha wa sufuria, naye kaukumbatia mpira. Dadu zikakubali, akatua kwa miguu, akaingia golini. Hata mpinzani alisimama.

Wa mwisho huku hupewa kijiko cha mbao. Nilikuwa nimesahau kununua. Shemeji akatoa mwiko kwenye mfuko wa plastiki, mzee akaupokea kwa mikono miwili.

Jumatatu mke wangu alitaka kusonga ugali.