Mshale Usiosogea

Saa moja asubuhi mshale wa geji ya presha ulikuwa kwenye 3. Saa saba mchana ulikuwa bado kwenye 3. Fundi mkuu akaniita kutoka chini ya mwembe, akagonga kioo cha geji kwa ukucha mara mbili ili nione kwamba mshale haujakwama. "Mkaguzi, saa sita nzima. Njoo utie saini."

Ilikuwa Julai 2024, katika shule moja ya bweni nje kidogo ya mji wa Tabora. Tarehe 8 Mei mwaka huo ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilishaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Nyuma ya jiko la zamani bado palikuwa na magogo ya miombo yaliyopangwa hadi usawa wa dirisha. Gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara haifiki Tabora kwa bomba. Inayofika ni gesi ya mitungi, mchanganyiko wa propani na butani, nayo huja kwa malori kutoka pwani. Lakini ukishaunganisha mitungi minane na kupeleka gesi jikoni kwa bomba la chuma, umejenga bomba la gesi, na sheria za bomba zinakuhusu.

Mitungi ilikuwa ya kilo 38 kila mmoja, minne ya kutumika na minne ya akiba, ndani ya kibanda cha wavu kilicho wazi pande zote. Regulata ya kwanza ilishusha presha hadi baa 1 (baa ni kizio cha presha, na milibaa ni sehemu yake ya elfu moja). Kutoka hapo bomba la inchi 1 lilipita ukutani, upande wa mashariki kisha wa kaskazini, likapenya ukuta wa jiko, likalala mita 4 ndani ya mfereji chini ya sakafu uliofunikwa kwa slabu za zege, na kuishia kwenye regulata ya pili inayoshusha presha hadi milibaa 30 za majiko. Jumla mita 42. Shule ilinichukua nilinganishe bomba na mchoro, nishuhudie kipimo cha presha, yaani bomba kujazwa hewa ya baa 3 na kuangaliwa kama linavuja, na kuweka saini yangu ikiwa kila kitu ni sawa.

Maandalizi ya kipimo yalikuwa mazuri, na nilimwambia hivyo fundi. Regulata zote mbili zilikuwa zimetolewa, kwa sababu kiwambo cha ndani hakivumilii baa 3. Ncha zilizibwa kwa plagi za chuma. Walijaza hewa ya kompresa. Naitrojeni ingefaa pia, ila oksijeni kamwe, kwani ikikutana na mafuta yaliyobaki kwenye meno ya bomba chini ya presha huweza kulipuka. Geji ilikuwa ya 0 hadi 6, hivyo 3 ilisomeka katikati ya uso wake ambako geji husema ukweli zaidi, na cheti chake cha upimaji kilikuwa hakijapitwa na muda. Kosa lilikuwa kwenye fomu. Ilikuwa na nafasi mbili tu: presha ya kuanza, presha ya kumaliza.

Asubuhi ile nilikuwa nimegusisha kipimajoto kwenye bomba na kuandika nyuzi 17 kwenye daftari langu. Kipupwe cha Tabora ni baridi alfajiri, na chuma hulala na baridi hiyo usiku kucha. Saa saba nilipima tena sehemu tano, kuanzia kibandani hadi ndani ya jiko. Ukutani kwenye jua kiganja hakikuvumilia kukaa. Wastani wa bomba zima ulikuwa nyuzi 37.

"Mzee wangu," nikamwambia, maana alinizidi umri kwa miaka kama ishirini, "mshale ulitakiwa kupanda."

Akanitazama kana kwamba nimemwomba kitu kidogo.

Nikakaa naye kwenye gogo, nikafanya hesabu mbele yake. Hewa iliyofungiwa ndani ya chuma ikipata joto, presha yake hupanda kwa uwiano uleule, mradi uhesabu kuanzia sifuri ya kweli. Kwenye joto unaongeza 273: nyuzi 17 zinakuwa 290, nyuzi 37 zinakuwa 310. Kwenye presha unaongeza presha ya hewa ya mahali ulipo, na hapo wengi hukosea kwa kubeba namba ya Dar es Salaam, ambayo ni kama baa 1.01. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni kama baa 0.88. Kwa hiyo bomba lilianza na 3.88. Gawanya kwa 290, zidisha kwa 310, unapata 4.15. Toa 0.88, na geji ilipaswa kusoma karibu 3.27. Ilisoma 3. Jua lilikuwa linaongeza presha na tundu mahali fulani lilikuwa linaipunguza, vikaenda sambamba asubuhi nzima.

Bomba lile lilibeba kama lita 24 za hewa. Ukifuatisha tofauti ile ya 0.27, lita 6 hivi zilikuwa zimetoroka kwa saa sita, yaani karibu lita moja kwa saa. Kwa kazi ya kila siku, kwenye baa 1 na gesi yenyewe iliyo nzito kuliko hewa, uvujaji ungepungua pengine hadi nusu ya hapo au chini zaidi. Ni kidogo mno hata kwa pua. Ila mfereji wa chini ya sakafu ulikuwa na ujazo wa kama lita 480, na propani huanza kuwaka ikifika asilimia 2 tu ya hewa, yaani lita 10 kwa mfereji ule. Mfereji usiopumua ungezifikisha lita hizo kwa siku moja au mbili. Shule zina Jumamosi na Jumapili, na zina likizo.

Gesi asilia ikivuja hupanda, kwani uzito wake ni kama nusu ya ule wa hewa, na tundu la juu ya dirisha huisaidia kutoka. Gesi ya mitungi hushuka, hutambaa sakafuni kama maji, hutafuta shimo na kukaa humo. Mfereji uliofunikwa ndiyo nyumba inayoipenda.

Mkuu wa shule alikuja kuuliza kama Jumatatu wanafunzi wangepikiwa kwa gesi. Nikamwambia hapana. Hakufurahi, ila hakubishana, na hilo ninalishukuru hadi leo.

Kutafuta tundu kulichukua mchana wote. Maji ya sabuni, yale mazito ya kufulia, tuliyapaka kwa brashi kwenye kila elbo, soketi na vali iliyoonekana, tukasubiri dakika nzima kila mahali, kwa kuwa povu la tundu dogo huota taratibu na macho yenye haraka hayalioni. Hakuna kilichotoka. Tukaligawa bomba. Vali iliyofungwa huweza kupitisha kidogo bila kuonekana, kwa hiyo tulimwaga hewa kwanza, tukafungua maungio ya nje ya ukuta wa jiko na kuziba pande zote mbili kwa plagi, kila upande na geji yake. Tukajaza upya jua lilipokwisha kuliacha bomba na chuma kupoa. Upande wa kibandani ulishika. Upande wa jikoni, mfupi kiasi kile, ulishuka mbele ya macho yetu kabla chai haijapoa.

Tukainua slabu. Mfereji ulikuwa safi, bomba limelala vizuri juu ya vishikizo, na sabuni haikutoa povu hata moja. Kilichobaki ni pale linapopenya ukuta, na pale palikuwa pamesakafiwa kwa saruji hadi bomba likashikwa kabisa. Mchoro ulionyesha bomba moja lisilo na maungio likipita ndani ya bomba kubwa la inchi 2. Kijana mmoja akachukua patasi. Saruji ilipoanguka ikaonekana yunioni, kiungio cha kubana vipande viwili vya bomba kwa nati, katikati kabisa ya ukuta.

Fundi mkuu alikaa kimya kidogo, kisha akasema mwenyewe, bila kulazimishwa: bomba lilikatwa fupi kwa sentimita chache, dukani mjini palikuwa pamefungwa, wakaunga kwa yunioni na kuifunika. Ndani ya yunioni walizungusha tepu nyeupe ya maji. Nikampa kila mmoja aishike kwa zamu. Yunioni haizibwi na tepu. Inaziba pale nyuso mbili za chuma zilizochongwa zinapobanana, na kazi ya nati ni kuzibana tu. Ukizungusha tepu kwenye meno ya nati hujaziba chochote, na ukiiweka kati ya zile nyuso umezizuia zisigusane. Hii ilikuwa na tepu kote kuwili, pamoja na mkwaruzo wa chembe ya mchanga. Tena saruji ilikuwa imeibana isiweze kusogea. Bomba la chuma la mita 42 hurefuka karibu milimita 10 joto likipanda nyuzi 20, kila siku, kisha hurudi usiku. Likishikwa sehemu moja, nguvu yote ya kurefuka inakwenda kwenye maungio ya karibu.

Kwa hiyo, hata kama yunioni ile ingekuwa imefungwa kwa ustadi wote, nisingeikubali. Maungio ya gesi yasiyoweza kuonwa wala kupakwa sabuni hayapaswi kuwepo. Hilo halina mjadala, na ninaona ndilo linalovunjwa kuliko yote, kwa sababu ukuta ukishasakafiwa unapendeza.

Siku iliyofuata walikata bomba jipya kwa urefu kamili na kulitia meno. Walizungusha tepu ya gesi, ile nene ya njano, kwa kufuata mwelekeo wa kukaza. Bomba lilipita ukutani kipande kimoja, ndani ya bomba la inchi 2; nafasi kati ya mabomba hayo tuliiziba kwa lami laini upande wa jikoni pekee, upande wa nje ukabaki wazi, ili gesi ikivuja humo itokee uani. Slabu za zege tuliziondoa, tukaweka kimia cha chuma, na tukatoboa tundu la hewa chini kabisa ya ukuta, usawa wa sakafu ya mfereji.

Mpishi mkuu, mama mmoja aliyepika kwa kuni shuleni hapo miaka mingi, alisimama mlangoni akitazama. "Mwangaluka," akanisalimu, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: hiyo gesi ikitoka, ataijua kwa wapi? Nikamwambia imetiwa harufu ya makusudi, kali kama kitu kilichooza, lakini iko chini. Nikamwomba kila asubuhi, kabla ya kuwasha taa au kiberiti, afungue milango miwili, ainame karibu na kimia, anuse. Akisikia harufu, asiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Atoe watu, aende kibandani afunge vali za mitungi, ndipo awaite Zimamoto akiwa mbali na jiko. Akainama palepale kujaribu. Akasema kwa sasa anasikia saruji.

Kwenye mabomba makubwa ya gesi asilia kipimo hufanywa kwa maji, hukaa saa 8 au hata 24, na kuna chombo kinachochora mistari miwili kwenye karatasi ya duara: presha na joto. Bomba limefukiwa ardhini, joto lake halitikisiki sana, na bado wanaliandika. Sisi tuliokuwa na chuma kitupu juani hatukuwa na hata safu moja ya kuliandikia. Nilichukua rula, nikachora safu mbili kwenye fomu ya mkandarasi: joto la kuanza, joto la kumaliza.

Kipimo cha pili tulikianza saa kumi na moja alfajiri, giza bado, kwa tochi. Nusu saa nyuma tulikuwa tumejaza hewa na kuiacha ipoe, kwani hewa ya kompresa huingia na moto wake. Baa 3, nyuzi 16. Saa kumi na mbili na nusu, jua halijachomoza: baa 3, nyuzi 16. Hapo ningeweza kusaini. Fundi mkuu akaomba tusikifungue. Akaleta kigoda chake, akakaa mbele ya geji na kipimajoto changu mkononi, akawa anaandika mwenyewe kila nusu saa.

Saa mbili jua liligusa ukuta wa mashariki. Saa saba mchana alinipigia kelele niende. Nyuzi 36, na mshale ulikuwa umepita 3.2, unakaribia 3.3.