Bluu upande mmoja: ukuta kati ya damu na ubongo

Ubongo wa panya ukikatwa vipande vya milimita mbili na kupangwa juu ya kioo, hauna mengi ya kumwonyesha mtu asiyeuzoea. Vipande nilivyowekewa mbele yangu katika mwaka wangu wa kwanza maabarani vilikuwa tofauti. Saa chache kabla ya hapo, panya huyo alikuwa ametiwa mshipani rangi ya bluu iitwayo Evans, ambayo ikishaingia katika damu hushikana na protini ya albumini na kwenda nayo popote iendapo; kisha mishipa yake ikasafishwa kwa maji ya chumvi hadi damu yote ikatoka. Upande wa kushoto wa kila kipande ulikuwa mweupe pe. Upande wa kulia, ambao mshipa wake mkuu ulikuwa umezibwa na baadaye ukazibuliwa, ulikuwa na doa la bluu lililokolea katikati na kufifia pembezoni, mfano wa wino uliomwagikia kitambaa chenye unyevu. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo, lakini siku ile ndipo nilipokiona kikiwa kimebomoka, na tangu hapo sijaweza kukifikiria kiharusi bila kuufikiria ukuta huo.

Tangu mwanzo, rangi ndizo zilizoufichua. Mwaka 1885 Paul Ehrlich, mwanasayansi wa Ujerumani, aliripoti kwamba baadhi ya rangi alizowadunga wanyama zilienea katika viungo vyao lakini hazikuufikia ubongo. Yeye aliona kuwa ubongo hauna uwezo wa kushika rangi hizo. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, aliligeuza jaribio hilo mwaka 1913 kwa kutia rangi ya bluu ya tripani moja kwa moja katika maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, na safari hii ubongo ukashika rangi vizuri sana, ilhali viungo vingine vikabaki kama vilivyokuwa. Ikawa wazi kwamba kuna kitu kinachotenga pande hizo mbili. Lina Stern, aliyefanya kazi Geneva na kuwa mwanamke wa kwanza kupewa uprofesa katika chuo kikuu cha huko, ndiye aliyekipa kitu hicho jina la kizuizi mwaka 1921. Namtaja kwa makusudi, maana katika kusimulia habari hizi mara nyingi jina lake huachwa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1967, Thomas Reese na Morris Karnovsky walipotumia hadubini ya elektroni, ndipo ikaonekana mahali hasa kizuizi kilipo: katika maungio ya seli zinazotandika upande wa ndani wa mishipa midogo ya ubongo.

Katika viungo vingine vingi seli hizo huacha nafasi za kupitishia maji na molekuli mbalimbali. Katika ubongo zimebanana, na maungio yake yameshonwa kwa protini kama klaudini-5 na okludini. Kwa nje kuna utando mwembamba, kisha seli ziitwazo perisiti ambazo zimeukumbatia mshipa kama vidole vilivyoshika bomba, na juu yake nyayo za astrositi, seli zinazouhudumia ubongo. Nimezoea kusema ukuta, ingawa nakiri kwamba neno hilo linapunguza ukweli, kwa sababu kazi kubwa inayofanyika hapo ni ya mlinzi wa lango. Oksijeni hupita yenyewe. Glukosi hubebwa na protini maalumu. Dawa nyingi huingia ndani ya seli za mshipa na papo hapo hurudishwa kwenye damu na pampu zilizowekwa kwa kazi hiyo. Mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, hapewi dopamini, kemikali ya ubongo anayopungukiwa nayo, kwa kuwa haiwezi kuvuka. Hupewa levodopa, ambayo hupita kwa kupanda chombo kile kile kinachobeba asidi amino, kisha hugeuzwa kuwa dopamini ikiwa imeshafika ndani.

Sasa donge la damu likiziba mshipa, hali hubadilika kwa hatua, na hatua hizo ndizo kiini cha utafiti wa miaka mingi. Katika dakika za mwanzo seli za ubongo hukosa nguvu ya kuendesha pampu zake na huvimba kwa kunyonya maji, huku ukuta wenyewe ukiwa bado unashikilia. Saa zikisonga, vimeng'enya vya jamii ya metaloproteinasi huanza kukatakata utando na protini za maungio. Maji yaliyojaa protini huvuja kutoka kwenye damu, na ubongo hutanuka ndani ya fuvu lisilotanuka. Udhaifu ukizidi, chembe nyekundu zenyewe hupenya, na kiharusi kilichotokana na kukosa damu hugeuka kuwa kiharusi cha kuvuja damu.

Hapo ndipo daktari hujikuta njia panda. Dawa ya alteplesi, inayoyeyusha donge, ilithibitika kuwasaidia wagonjwa katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1995, iwapo ingetolewa ndani ya saa 3 tangu kiharusi kianze. Mwaka 2008 jaribio la Ulaya lilionyesha kwamba inafaa hadi saa 4 na nusu. Lakini katika jaribio lile la mwaka 1995, asilimia 6.4 ya waliopewa dawa walivuja damu ubongoni kiasi cha kuzidiwa, dhidi ya asilimia 0.6 ya wale ambao hawakupewa. Dawa inayozibua mshipa huirudisha damu kwa nguvu kwenye ukuta uliokwisha kuliwa, na majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba dawa yenyewe huweza kuvichochea vimeng'enya vinavyoula. Kwa maoni yangu, saa tunayoitazama ukutani hospitalini ni kadirio tu la hali ya ukuta mwingine tusiouona. Wagonjwa wawili waliofikishwa saa ile ile wanaweza kuwa na vizuizi vya hali tofauti kabisa, mmoja akiwa angali imara na mwingine akiwa amekwisha kuanza kuvuja.

Ndiyo maana majaribio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalinipa moyo sana. Moja lilitumia picha za MRI kuwachagua wagonjwa walioamka usingizini wakiwa wamepooza, wasiojua kiharusi kimeanza saa ngapi, na alteplesi ikawasaidia. Mengine mawili yalionyesha kwamba, picha zikithibitisha kuwa sehemu kubwa ya ubongo bado inaokoleka, donge linaweza kuvutwa kwa mrija hadi saa 16 tangu kiharusi kianze, na kwa baadhi ya wagonjwa hadi saa 24. Ubongo wenyewe ulianza kuulizwa habari zake. Hata hivyo picha hizo zilipima zaidi uhai wa nyama ya ubongo. Uvujaji wa kizuizi unaweza kupimwa pia kwa MRI, kwa kumtia mgonjwa mshipani gadolinia, kioevu kinachoonekana katika picha, na kufuatilia inavyopenya polepole, na ningependa kipimo hicho kipewe uzito mkubwa zaidi katika uamuzi wa tiba.

Kizuizi hicho hicho kimewaumbua pia watengenezaji wa dawa za kuzikinga seli za neva. Mojawapo ya dawa hizo, NXY-059, ilionekana kufaulu katika jaribio la mwaka 2006, kisha ikashindwa katika jaribio kubwa zaidi mwaka 2007. Miongoni mwa kasoro zilizotajwa ni kwamba ilivuka kizuizi kwa shida mno. Ukuta unaovuja maji na damu bado unaweza kuizuia dawa isifike inapohitajika.

Kuna jambo moja linalonikera kuhusu vipande vile vya bluu. Panya yule alikuwa kijana, dume, mzima wa afya hadi asubuhi aliyozibwa mshipa, na ndivyo walivyo panya wengi wanaotumiwa katika majaribio haya. Binadamu anayepatwa na kiharusi kwa kawaida ni mtu mzima aliyeishi miaka na shinikizo la damu, na shinikizo hilo huwa limekwisha kuikakamaza mishipa yake midogo, limeziharibu perisiti zake na kuufanya ukuta uvuje kidogo kidogo muda mrefu kabla ya siku yenyewe. Wapo panya wa ukoo maalumu, uliozalishwa Japani miaka ya 1960, ambao hupandwa na shinikizo la damu bila kufanyiwa lolote. Ni ghali kuwatunza hadi wazeeke, na matokeo yao hutawanyika kuliko ya vijana, jambo linaloharibu uzuri wa michoro. Mwaka huu nimeomba wawe ndio wengi katika kazi yangu. Katika kundi la kwanza nililolikata, hata upande ambao sikuugusa ulikuwa na vidoa vidogo vya bluu.