Ufunguo ulioiokoa programu yangu

Programu yangu ya Android huwakumbusha watu kumeza dawa. Mtumiaji mmoja aliniandikia kwamba amesafiri kwenda nchi yenye saa tofauti, na kengele bado inalia kwa saa za alikotoka. Kosa lilikuwa langu. Jioni ileile nililirekebisha kwa mistari mitatu ya msimbo, nikatuma toleo jipya kwenye duka la programu nililolitegemea tangu mwanzo.

Likakataliwa. Sababu ilikuwa sentensi moja: limekiuka kanuni za programu za afya. Kanuni ipi, hawakusema, na toleo lililotangulia lilikuwa limepita likiwa na maelezo yaleyale. Nikakata rufaa, ikarudi sentensi ileile, neno kwa neno. Sikuwa naomba hisani. Mtu anameza dawa kwa saa isiyo yake, na marekebisho ninayo mkononi!

Kilichoniokoa ni ufunguo wa kutia sahihi, yaani faili ya siri inayoipa programu alama ya kuthibitisha kwamba imetoka kwa mwenyewe. Android haikubali toleo jipya likae juu ya la zamani mpaka sahihi zilingane. Zisipolingana, mtumiaji hulazimika kuifuta programu kwanza, na data zake hupotea nayo. Maduka mengine hukaa na ufunguo huo yenyewe. Wangu nilikuwa nao. Nikaweka faili ya APK, ile ya kusakinishia programu za Android, kwenye tovuti yangu, msafiri yule akairuhusu simu yake kusakinisha kutoka nje ya duka, na orodha yake ya dawa ikabaki kama ilivyokuwa.

Kisha nikaipeleka F-Droid, hazina ya programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, iliyoanza mwaka 2010. Huko nako kuna mlango, tena si mpana: huijenga programu wenyewe kutoka kwenye msimbo wako, na maktaba (msimbo wa kuazima kwa wengine) isiyo huria hawaipokei. Mimi nilikuwa nayo moja, ya kutuma taarifa za hitilafu. Lakini mhakiki alinitajia faili yenyewe, hadharani, nikauliza, akajibu. Kwa kawaida hutia sahihi yao. Ukitaka ibaki yako, walichojenga lazima kifanane na chako baiti kwa baiti. Nilihangaika siku nne mpaka nikagundua kwamba nilikuwa nimeingiza saa ya ujenzi kwenye ukurasa wa maelezo. Nikaitoa, vikalingana.

Lile duka liliipitisha siku ya 19, bila maelezo. Sikuwa nimebadilisha kitu. Sijaiondoa huko, maana wengi bado huitafuta humo, ila kila toleo jipya sasa huanzia kwenye tovuti yangu, na ufunguo nimeuhifadhi kwenye flashi mbili, kila moja mahali pake.