Nilivyozing'oa kingo za fenda za gari langu mwenyewe nyumbani

Kilichonifanya nizing'oe ni tope. Gari langu ni la kupita porini, na juu ya kila tairi lina ukingo mpana wa plastiki nyeusi, ule unaochomoza nje ya fenda ili mawe na matope yasirukie milango. Siku moja nikiliosha nilipitisha kidole nyuma ya ukingo wa nyuma kulia, kikatoka na udongo mbichi, ilhali gari lilikuwa halijaguswa na mvua kwa wiki mbili. Udongo unaohifadhi maji namna hiyo ukishikamana na bati, kutu haikawii. Nikaamua zote nne zitoke.

Usiku wa kuamkia kazi nilijilaza chini ya kila fenda na tochi, nikasugua vichwa vya bolti kwa brashi ya waya, kisha nikavinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi nikarudia. Wengi huiruka hatua hii, nami nawasihi wasiiruke. Bolti zenyewe kwenye gari langu ni nyembamba, milimita 6 tu, zinafunguliwa kwa soketi namba 10, na bolti nyembamba yenye kutu hukatika kabla hujahisi kwamba umezidisha nguvu.

Za mbele hazikunisumbua. Nilikata usukani hadi mwisho, mkono ukapata nafasi bila kuvua tairi. Ila ukingo wa mbele una taa ndogo ya pembeni, na waya wake ni mfupi. Chomoa soketi ya waya kwanza, ndipo uvute ukingo. Nilibandika pia tepu ya karatasi kwenye rangi kuzunguka fenda yote, maana plastiki ikiachia ghafla huburuza mchanga juu ya rangi, na mikwaruzo yake haitoki kwa kufuta.

Kazi yenyewe ilikuwa nyuma. Kule bolti haiingii kwenye nati ya kawaida. Inaingia kwenye nati ya bomba iliyobanwa ndani ya tundu la bati, na huwezi kuifikia kwa nyuma ukaishika kwa spana. Kutu ikiigandisha na bolti, zote mbili huzunguka pamoja. Unazungusha, unazungusha, wala bolti haisogei nje hata kidogo. Dalili yake niliijua kwa mkono: ugumu unapotea ghafla, lakini kichwa cha bolti kinabaki palepale. Hapo acha mara moja, kwa sababu kila mzunguko unaoongeza unapanua tundu la bati.

Zilinipata tatu za namna hiyo. Kwa mbili nilipenyeza bisibisi bapa kati ya ukingo na fenda, chini yake nikaweka kitambaa kilichokunjwa, nikabinua taratibu ili nati ibanwe kwenye bati huku mkono wa pili ukifungua polepole. Zikatoka. Ya tatu ilikataa katakata. Nikavaa miwani ya kinga, nikapiga alama katikati ya kichwa cha bolti, nikakitoboa kwa drili, kwanza kwa keekee nyembamba, kisha kwa iliyozidi kidogo milimita 6, mpaka kichwa kikajitenga. Ukingo ukatoka mzima. Nati iliyobaki nikaitoa baadaye kwa drili hiyohiyo, kwa utulivu.

Vibanio vya plastiki vilivyosaidia kushika kingo nilivimwagia maji ya moto kidogo kabla ya kuvivuta. Plastiki baridi huvunjika, yenye joto hupinda.

Nyuma ya ule ukingo wa kulia nilikuta kutu imekula rangi kwa upana wa kiganja, ila bati lilikuwa bado gumu nilipoligonga. Nilikwangua hadi chuma king'ae, nikapaka dawa ya kutu, kisha rangi ya msingi, kisha rangi ya gari. Nati zilizoharibika nikaweka mpya, na kila bolti nikaipaka grisi ya shaba ili siku nyingine ifunguke bila vita. Kuzikaza nilitumia mkono tu, mpaka mpira wa ukingoni ulipoanza kubonyea.

Ukingo wa nyuma kulia niliurudisha mwisho, siku mbili baadaye, rangi ilipokauka kabisa. Siku hizi kila nikitoka kwenye matope naelekeza maji kwa chini, kati ya plastiki na bati, na siachi mpaka yatoke safi.