Muulize kabla majibu hayajatoka

Ndugu humvuta daktari pembeni: "Tafadhali, usimwambie mgonjwa kuwa ana saratani." Wanasema kwa upendo, naelewa. Lakini mgonjwa mwenyewe kaulizwa na nani?

Mwaka 1961 huko Marekani, takriban madaktari 90 kati ya kila 100 waliohojiwa walisema hawapendi kumwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Mwaka 1979 swali lile liliulizwa tena: 97 kati ya 100 wakapendelea kumwambia. Wagonjwa nao, wakiulizwa, wengi husema wanataka kujua.

Wengi, si wote. Ndiyo maana swali liulizwe mapema, siku ile ya kuchukua kinyama cha kupima: "Majibu yakitoka, nikueleze kila kitu au mambo makuu tu? Ungependa uwe na nani?" Likingoja hadi majibu yawe mkononi limeshachelewa, uso wa daktari umeshajibu.

Siku ya majibu mlango ufungwe, simu izimwe, daktari akae. Aulize kwanza mgonjwa anajua nini, atangulize "majibu si mazuri", kisha alitaje neno saratani. Ukimwambia "uvimbe" tu, anaweza kukatisha dawa kali asizojua ni za nini. Baada ya hapo anyamaze. Hapa ndipo wengi huharibu: wanakimbilia kueleza mionzi na dripu wakati mgonjwa hasikii tena kitu. Mpango wa matibabu uandikwe kwenye karatasi, wauzungumze upya akirudi.

Akisema hataki kujua, aulizwe nani apewe taarifa, na aambiwe anaweza kubadili mawazo wakati wowote.