Mbuzi ya nazi getini

Jumapili, saa nne usiku.

Presha ya mama imepanda tena: 168 kwa 98. Vidonge anameza, nahesabu mwenyewe kwenye pakiti. Chumvi kaacha, ingawa ananung'unika kwamba mchuzi wangu sasa ni maji ya kunawia. Dokta wa zahanati alitusikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Mchana anaongea na nani?"

Nikafungua mdomo nijibu, nikakosa jina la kutaja.

Nilimleta hapa Mbezi baada ya mzee kufariki, nikajiona mtoto mwema. Ana chumba chake, feni, king'amuzi. Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni, narudi saa mbili usiku. Kule Tanga, Ngamiani, alikuwa na nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani majiko ya kila mtu. Akikohoa usiku, kabla jua halijapanda keshaletewa tangawizi na watu watatu. Na umbea, usiseme! Enzi hizo nilidhani umbea ndio unaompandisha presha.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na vifo vinavyohusishwa nao ni zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Moyo, kiharusi, kisukari. Waingereza walipomteua waziri wa upweke mwaka 2018 nilicheka, nikasema wazungu wana mambo. Sasa nasoma kwamba mwili wa mpweke hukaa kama askari wa zamu, homoni za msongo hazishuki, usingizi unakatikakatika. Mama huamka saa tisa kila usiku. Nazisikia kandambili zake koridoni.

Jana nilirudi mapema. Nikamkuta nje ya geti, amekalia mbuzi ya nazi, wala nazi hana.

"Shikamoo mama. Mbona juani?"

"Marahaba. Namsubiri yule kijana wa dagaa."

Mama hapendi dagaa. Kijana akafika na baiskeli yake, akamwamkia, akamuuliza goti linaendeleaje. Goti? Mimi sikuwa na habari ya goti.

Nikaenda kufungua friji. Mafungu saba ya dagaa.

Leo baada ya chakula ameniomba nauli ya Tanga. Nimemwambia tusubiri mwisho wa mwezi. Leo ni tarehe 9.